Mfuko Hupimwa kwa Safari Zake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema habari ya mfuko wa sokoni. Pengine mtu atauliza, mfuko una nini na chama cha wafanya kazi? Twamjibu kwamba mfuko unagusa kazi yetu, mshahara wetu na mahali tunapokaa.

Kwanza tukumbuke yaliyopita. Serikali ya Kenya ilijaribu kuzuia mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2007, na tena mwaka 2011, isifaulu. Mwaka 2017 ikatoa amri iliyoanza kutumika tarehe 28 Agosti. Amri hiyo ilikataza kutengeneza, kuleta kutoka nje na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia vitu vya dukani na vya nyumbani. Adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Rwanda ilikuwa imetutangulia mwaka 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Sisi watu wa reli hatuhitaji kuelezwa sana sababu yake. Mfuko ule mwembamba haukuwa na uzito, upepo ukaupeleka popote. Ukiingia mtaroni haukuoza. Uliziba mabomba yapitayo chini ya njia. Mvua ikinyesha, maji yaliyokosa pa kupita hupanda juu na kuchukua kokoto chini ya mataruma, na hapo treni haina usalama. Anayeamshwa usiku na koleo lake ni mfanya kazi wa njia, si aliyetupa mfuko. Katika mitaa yetu ni vivyo hivyo: mtaro ukiziba, maji huingia chumbani mwa mpangaji. Hata ng'ombe waliochinjwa Nairobi walikutwa na mifuko tumboni.

Lakini tusidhani kwamba mfuko wowote usio ule ni mzuri. Mwaka 2011 idara ya serikali ya Uingereza inayoangalia mazingira ilitoa hesabu yake. Walipima gesi zinazoongeza joto la dunia, tangu kutengeneza mfuko hata kuutupa. Walichukua mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu, wakauliza: mfuko mwingine utumike mara ngapi ndipo usiwe na madhara kuupita huo? Jibu lao ni hili. Mfuko wa karatasi, mara 3. Mfuko mzito wa plastiki laini, mara 4. Mfuko ule unaofanana na kitambaa, ambao nao ni plastiki, mara 11. Mfuko wa pamba, mara 131.

Msishangae. Pamba yataka shamba, maji mengi, mbolea na dawa, kisha mitambo ya kusokota na kufuma. Karatasi yataka miti, maji na moto mwingi, na ikilowa mvua mara moja hupasuka, hata hizo mara 3 ni shida kuzifikia.

Jambo hili sisi twalifahamu kwa mfano wa behewa. Behewa hugharimu chuma na jasho jingi. Likienda Mombasa mara moja na kutupwa, ni hasara tupu. Likienda miaka mingi, gharama yake yagawanyika kwa safari zote. Mfuko nao ni hivyo. Mwenye kwenda sokoni mara moja kwa juma atalipa deni la mfuko wa kitambaa cha plastiki kwa muda usiofika miezi 3. Deni la mfuko wa pamba atalilipa kwa miaka 2 na nusu. Lakini anayenunua mfuko mpya kila akienda dukani halipi deni lolote. Aongeza takataka na moshi, na apunguza mshahara wake.

Basi kuna mizani miwili, na yafaa tuitazame yote. Mizani ya Waingereza yapima gesi za joto. Haipimi mtaro uliozibwa wala tumbo la ng'ombe. Kwa mizani hiyo mfuko mwembamba waonekana mwepesi. Kwa mizani ya mitaro yetu ulikuwa mzito kupita kiasi. Kwa hiyo amri ya 2017 ilikuwa na haki. Lakini faida yake hupotea tukibadili mfuko wa kutupa kwa mfuko mwingine wa kutupa.

Mama zetu walikwisha jua dawa ya jambo hili. Kiondo cha katani chabeba viazi, mahindi na unga miaka mingi. Kikikatika mpini, hushonwa. Mkonge huota hata penye ukame, na kiondo husukwa kwa mkono. Kikapu cha ukili cha watu wa pwani ni ndugu yake.

Sasa neno la chama. Kabla ya amri kuanza, shirika la wenye viwanda lilisema kwamba viwanda 176 na kazi 60,000 zingeguswa. Serikali ilitoa miezi 6 ya kujitayarisha. Mwenye kiwanda aweza kutumia miezi 6 kubadili mashine. Kibarua hana akiba ya miezi 6. Usafi wa nchi ni wa watu wote, na gharama yake isiwekwe mgongoni mwa kibarua peke yake. Amri nyingine ya namna hii ikija, vyama viitwe mezani mapema, na wafanya kazi wafundishwe kazi mpya kabla lango halijafungwa.

Hivyo twaomba tawi likubali mambo matatu. Kila mwanachama aende sokoni na kiondo, kikapu au mfuko alio nao tayari, autumie hata uchakae. Tukiwa na haja ya kununua, tununue kwa wasusi wa hapa nchini. Na halmashauri iwaandikie wakubwa wa chama juu ya haki za wafanya kazi wa viwanda vinavyoguswa na amri kama hizi.

Ndugu wanachama, haba na haba hujaza kibaba. Sasa maswali yaje.