"Ndivyo Alivyo": Kumpima Mwenye Down Sindromu Kabla Hajalalamika



Nianze na binti wa miaka tisa mwenye Down sindromu aliyeletwa kliniki kwetu kwa ajili ya mapunye, jambo dogo. Nilipokuwa nikimwandikia dawa nikaona amesinzia pajani kwa mama yake, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamshika mkono: wa baridi, ngozi imekauka hadi inapauka. Choo? Kila baada ya siku nne au tano. Shuleni? Mwalimu anasema amekuwa mzito, hataki tena kucheza rede. "Lakini daktari, hawa si ndivyo walivyo?" mama akaniuliza. Alikwishaambiwa hivyo mahali pawili kabla ya kufika kwetu. Tukapima damu. Tezi yake ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, ilikuwa karibu haifanyi kazi. Tukampa kidonge kimoja kila alfajiri kabla hajatia kitu tumboni. Baada ya miezi mitatu mama alirudi akaniambia binti anacheza rede hadi adhana ya magharibi.

Maneno hayo, "ndivyo alivyo", ndiyo niliyokuja kuyapinga.

Mwenye Down sindromu ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866. Chanzo chake kikajulikana Paris mwaka 1959, kwa kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin. Kromosomu ya ziada hatuwezi kuiondoa. Lakini maradhi yanayoandamana nayo yanajulikana, mengi yanatibika, na tunajua umri wa kuyatafuta. Mtu huyu basi apimwe kwa kalenda. Tukisubiri aseme panapouma, wengine hawatasema kamwe, na wakisema hatutawaelewa.

Chukueni moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu kubwa katikati. Katika majuma ya mwanzo presha ya mapafu bado iko juu, damu haipiti kwa kasi kwenye lile tundu, na daktari anayesikiliza kifua anaweza asisikie lolote. Mtoto ananyonya, ananenepa, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kumbe damu nyingi inaanza kusukumwa mapafuni, mishipa inakakamaa, na ikishakakamaa kabisa upasuaji haumfai tena. Ndiyo maana kila mtoto mwenye Down sindromu, hata asiye na dalili, afanyiwe mapema eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na tundu la aina hii kwa kawaida lizibwe ndani ya miezi sita hivi ya kwanza. Zamani tulikuwa tukiwapeleka India. Leo upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Inaniuma sana kumpokea mtoto wa miaka mitatu midomo imekuwa ya bluu, na eko ndiyo ya kwanza maishani mwake.

Masikio nayo yanasahaulika mno. Tundu la sikio lao ni jembamba, nta huziba upesi, na majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu wala usaha. Hadi watatu katika kila wanne wana upungufu fulani wa kusikia. Mtoto anaitwa haitiki, tunamwita mkaidi. Anachelewa kusema, tunasema akili. Wenzangu, akili gani itajifunza neno ambalo sikio halikulipokea?

Kila mama aliyemo humu anaijua kadi ya kliniki: uzito, chanjo, vitamini A, na ule mstari unaopanda. Mtoto akitimiza miaka mitano, kadi imekwisha. Kwa mwenye Down sindromu naomba isifungwe. Tezi ipimwe anapozaliwa, miezi sita, mwaka mmoja, kisha kila mwaka maisha yake yote. Wingi wa damu na masikio pia viangaliwe kila mwaka, na macho yasisahaulike. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini achunguzwe, na hata asiyekoroma apimwe usingizi kabla ya miaka minne, panapowezekana. Akibadili mwendo ghafla au akaanza kujikojolea, tazameni pingili za juu za shingo siku hiyohiyo.

Katika nchi tajiri, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu hawa waliishi wastani wa miaka 25 hivi. Leo ni karibu 60. Kwa hiyo na sisi tutazeeka nao. Kromosomu ya 21 imebeba jeni ya protini inayojikusanya ubongoni katika ugonjwa wa Alzheimer, na wengi wao huanza kuonyesha dalili mapema, kuanzia miaka ya arobaini. Lakini hata hapo nawasihi: kabla ya kusema "ni ubongo, ndivyo wanavyozeeka", pimeni tezi, masikio, macho na usingizi, na ulizeni kama ana huzuni.

Kaka mmoja wa miaka 44 alikuwa akiuza maji sokoni pamoja na dada yake. Akaanza kukosea chenji, akaacha kuwasalimu majirani, akawa anakaa tu. Nyumbani walikwishakata tamaa. Tulipomtazama, macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, na kesho yake bandeji ilipotolewa alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kisha akasema: "Dada, umenunua kanga mpya." Kanga ile dada yake alikuwa nayo mwaka wa tatu.