Kijiji Kilichojitungia Mchezo

Wanafunzi wa elimu ya watu wazima, kaeni vizuri, tuanze. Leo nitawasimulia habari za watu wazima waliojifunza kusoma kama ninyi, kisha wakafanya jambo lililoitia serikali wasiwasi.

Mahali penyewe ni kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, nchini Kenya. Wakazi wake wengi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanya kazi wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1976 kituo cha kijiji kilianzisha darasa la kusoma na kuandika. Baadaye watu wakataka kuendelea mbele zaidi. Wakaamua kufanya mchezo wa kuigiza.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuandika mchezo huo kwa Kikuyu, lugha ya hapo kijijini. Jina lake ni Ngaahika Ndeenda, maana yake "Nitaolewa Nitakapopenda." Unaeleza habari za Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu tu. Hati ya shamba lake ameitundika ukutani. Anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani, naye anaweka shamba rehani ili apate fedha za arusi. Mwisho shamba linampotea.

Waandishi hao walikuwa wasomi, lakini walikubali kusahihishwa. Wazee waliwaonyesha jinsi mzee anavyosema na jinsi kijana anavyomjibu. Vibarua waliongeza habari za kazi zao wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa: wanakijiji wakajenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa kuchezea, wenye nafasi ya watu 2,000 na zaidi. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu wote, hata watazamaji wengine wakajua maneno kwa moyo.

Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977. Watu wengi walikuja kuutazama, maana waliona maisha yao wenyewe pale jukwaani. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta ruhusa ya kuucheza. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 wanakijiji walijaribu mchezo mwingine. Wakanyimwa ruhusa, na mwezi wa Machi polisi wakaja wakaubomoa uwanja.

Je, kazi yao ilipotea? Mbao zilivunjwa, ni kweli. Lakini aliyekwisha jua kusoma hakusahau, na aliyekwisha simama mbele ya watu akasema neno lake hakuwa tena mtu wa kunyamaza. Mchezo nao ulichapwa kitabu, na mwaka 2022 ulichezwa tena Nairobi.

Sasa fungueni madaftari. Zungumzeni kwanza, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu.

1. Kwa nini mchezo ulitungwa kwa lugha ya kijiji?
2. Wanakijiji waliwafundisha nini waandishi?
3. Kama ninyi mngetunga mchezo, ni shida gani ya hapa kwenu mngeionyesha?

Jibu la swali la tatu msimwachie mwalimu. Kwa herini.