DAMU NI SHAHIDI: TUPIME KABLA YA KUTIBU

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari ya mtu asiyeaminika kabla ya kuitendea. Homa nayo ni mjumbe wa namna hiyo: hutuarifu kuwa mwili una adui, lakini haitutajii jina lake.

Hapa Morogoro, mtoto akichemka usiku, tumezoea kusema, "Ni malaria," na asubuhi vidonge vikanunuliwa dukani. Yawezekana ni malaria. Yawezekana pia ni kichomi, au maradhi ya njia ya mkojo. Kiganja kilichowekwa juu ya paji la uso hakiwezi kuyapambanua hayo.

Mwaka 1880, huko Algeria, tabibu Mfaransa aitwaye Laveran alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini akaviona vijidudu vya malaria. Tangu hapo damu imekuwa shahidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Siku hizi tone moja la ncha ya kidole hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa.

Tukumbuke yaliyotokea Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Watu waliugua homa, wengine wakitokwa na damu puani, na hofu ikaenea. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa si Ebola wala Marburg, bali ni homa ya mgunda, yaani homa ya shamba. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia mwilini kupitia michubuko, hasa penye maji na matope. Sisi wenye majaruba ya mpunga na panya mashambani, tuizingatie habari hiyo. Ugonjwa huo una dawa yake, wala si dawa ya malaria.

Wako wanaosema, "Nimemtegemea Mungu, sina haja ya kupimwa." Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumfunga ngamia kisha kutawakali, na akatuhimiza kutafuta tiba. Kupima ni kufunga ngamia. Wala aliyefunga asiogope: wanazuoni wengi wameona kuwa damu kidogo ya kipimo haibatilishi saumu.

Hata hivyo, shahidi mmoja hamalizi kesi zote. Kipimo kikisema hakuna malaria na homa ikaendelea, mrudisheni mgonjwa hospitali. Msimpe dawa ya malaria kwa ubishi. Kikisema ipo, amalize dozi yote, wala asimgawie jirani. Na majibu ya mgonjwa ni amana. Haijuzu kuyatangaza barazani.

Enyi wazazi, mtoto hawezi kujisemea. Roho yake ni amana mikononi mwenu, nanyi mtaulizwa juu yake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.