MWANASESERE WA LEBA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kitangari)

Wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia leo madawati tuliyoyachora majina yetu:

Nilipopata barua ya Katibu wetu ya kunitaka niseme machache juu ya elimu na afya, nilidhani amekosea anwani. Mimi si daktari. Mimi ni katibu wa afya, yaani yule anayeshughulika na likizo, magari, mafuta na mafaili ili daktari apate nafasi ya kutibu. Sindano sijapata kumchoma mtu, na wale niliosoma nao wanakumbuka kwamba hata chura wa somo la Baiolojia nilimkimbia. Lakini kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi na mitano, na saini yangu imewapeleka semina wauguzi na waganga wengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Nataka kusema juu ya semina hizo, kwa kuwa kuna deni ninalodaiwa.

Nianzie hapa hapa. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi Kitangari, nasi tunawakumbuka wanachuo wa Chuo cha Ualimu walipokuwa wakija kwa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anasimama mbele, shati limepigwa pasi, chaki inatetemeka mkononi. Mkufunzi wake amekaa dawati la nyuma, magoti yamegota kwenye mbao, anaandika. Mwanachuo akikosea, anakosea mbele yetu. Wakati wa mapumziko wanakwenda wawili chini ya mwembe, wanazungumza, na kesho yake somo lile lile linarudiwa kwa mkondo mwingine. Sisi watoto tulicheka sana. Baada ya wiki chache chaki ilikuwa haitetemeki tena, nasi hatukujiuliza imeachaje kutetemeka.

Sekondari tulikariri. Sisemi haya kuwalaumu walimu wetu, maana mtihani ulitaka hivyo, na vitabu vilikuwa vichache. Niliweza kuuchora moyo wa binadamu na vyumba vyake vinne, nikaandika majina ya mishipa yote bila kuangalia popote. Asubuhi moja mwenzetu alianguka mstarini akazimia. Tulikuwa wengi pale tulioujua moyo kwa michoro, na wote tulisimama tukimtazama. Aliyekuja mbio ni mpishi wetu, mikono imejaa unga. Alimlaza chali, akamwinua miguu, akamlegezea tai, akatufukuza tusimzibie upepo. Mwenzetu huyo yuko hapa leo na kiriba cha tumbo, msimwangalie.

Tena ziko nyakati ambapo kitabu chenyewe hakina jibu. Wanafunzi, nadhani mmesikia juu ya ugonjwa wa chikungunya, ambao sasa unatajwa Brazil, India na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jina lile limetoka kwetu. Mwaka 1952 na 1953 homa ngeni iliwapata watu wa Newala na uwanda huu wa Makonde, na viungo viliuma hata mtu akashindwa kujinyoosha. Daktari Marion Robinson wa hospitali ya misheni ya Lulindi hakuwa na kitabu cha kumwambia ni ugonjwa gani. Aliwauliza wagonjwa na kuwatazama mmoja mmoja, akaandika alichokiona. Na maandishi yake yalipochapwa mwaka 1955, ugonjwa ulibaki na jina la Kimakonde walilolitumia wagonjwa wenyewe, lenye maana ya kupinda mwili. Wenzake waliotafuta mbu waliwakuta majumbani, katika vyombo vya maji ya akiba, maana shida ya maji katika uwanda huu ninyi mnaijua kuliko mimi ninayekuja na gari la Serikali. Kwa hiyo madaktari nao walikwenda shule hapa, na mwalimu wao alikuwa amelala mkekani.

Sasa nije kwenye deni langu.

Mwaka 2016 nilikuwa katika wilaya moja ambayo si hii. Mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja kukaa nami ili ajifungue karibu na huduma. Uchungu ulimshika usiku, nikampeleka kituo cha afya, nikafurahi kumkuta zamu muuguzi mkunga niliyemfahamu. Nilimfahamu kwa sababu miezi mitano kabla nilikuwa nimeidhinisha posho yake ya semina ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Cheti chake kilikuwa kimebandikwa ukutani. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa na amani.

Mtoto alizaliwa hakulia. Wahudumu wa leba wanaiita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu: ndani yake mtoto anatakiwa awe amepumua mwenyewe, au awe ameanza kupumulishwa kwa ambu, ule mfuko wa kubinya wenye kifuniko cha uso. Nilimsikia muuguzi akiuliza ufunguo. Ambu ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa limefungwa ili ambu isipotee, maana ikipotea ni lazima aandikiwe mtu barua, na mwandishi wa barua hizo nilikuwa mimi. Ufunguo ulipopatikana alirudi akikimbia. Alinieleza baadaye, akilia, kwamba aliweka kifuniko usoni kwa mtoto, akabinya, na hewa ikawa inatokea pembeni. Alijua iko namna ya kuishika taya na kukaza kifuniko, aliiona semina, aliijibu kwenye mtihani akapata alama zote, lakini mkono haukukumbuka. Tangu semina hakuwa ameishika ambu hata mara moja.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mdogo wangu hajapata kuniuliza lolote juu ya usiku ule.

Watu walitaka muuguzi yule aadhibiwe, na faili lilikuja mezani kwangu. Nililifungua nikaona karatasi ya posho yenye saini yangu, na karatasi ya orodha ya vifaa ikiagiza vitu vya thamani vifungiwe, nayo ina saini yangu. Sikuandika barua ile. Nilianza kuuliza, kama mtu asiyejua, jinsi mtu wa afya anavyojifunza kazi yake.

Nilikuta kwamba swali langu limekwisha kuulizwa, tena nchini kwetu. Katika Hospitali ya Haydom, Mkoa wa Manyara, mwaka 2010 wahudumu walifundishwa kwa siku moja somo lile lile alilofundishwa muuguzi wangu. Walitumia mwanasesere. Anajazwa maji ya uvuguvugu apate uzito wa mtoto, ana kitovu kinachopigapiga, na kifua chake huinuka pale tu kifuniko kinapokaa sawasawa. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere huyo, na waliofaulu zoezi la kumpumulisha walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Hapo ofisa kama mimi angefunga faili na kuandika taarifa. Wao walifanya jambo la pili: waliwaangalia wahudumu hao hao wakiwa leba, kwa watoto wa kweli. Huko hakukuonekana badiliko la maana.

Ndugu zangu, niliyasoma maneno hayo mara tatu.

Hawakukata tamaa. Walimweka mwanasesere pale pale leba, kila mhudumu akafanya naye zoezi la dakika tatu hadi tano, wiki baada ya wiki, na mara kwa mara wakawa na somo refu kidogo la dakika arobaini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 inasema vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Mafunzo ni yale yale na mwanasesere ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia, na kurudia.

Nisije nikaonekana naitukana semina. Utafiti mwingine wa hospitali 8 za Tanzania, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba baada ya mafunzo haya vifo vya siku ile ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho, mwaka 2011, kilibadili mitaala yake ili mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kukitenda pamoja na kile anachokijua. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yamezunguka duniani muda mrefu. Kule McMaster, Kanada, tangu mwaka 1969 wanafunzi wa udaktari waliwekwa katika vikundi vidogo na kupewa tatizo la mgonjwa kabla ya mhadhara. Lakini mitaala mizuri ya chuoni haimfikii muuguzi aliye peke yake saa nane usiku, miaka sita baada ya kuhitimu. Huyo anafikiwa na katibu wa afya, kama katibu ana akili.

Nilifanya nini? Kwanza niliondoa kufuli, na kabla ya ambu yoyote kupotea nilikuwa nimeandika kwamba ikipotea nitajieleza mimi. Pili nilitafuta wanasesere wawili, nikaomba kila Jumatatu asubuhi, zamu inapokabidhiwa, waliopo wafanye zoezi la dakika tano. Wiki ya kwanza walikuja wote. Wiki ya tatu walikuja wawili. Mzee mmoja aliye karibu kustaafu aliniuliza kwa upole, "Katibu, na posho ya dakika tano ni shilingi ngapi?" Swali hilo nilikuwa nimelifundisha mwenyewe kwa miaka mingi, sikuwa na haki ya kukasirika. Kilichookoa shughuli ni muuguzi yule yule wa cheti cha ukutani. Alisimama asubuhi moja mbele ya wenzake, akamchukua mwanasesere, akakosea makusudi kama alivyokosea usiku ule, hewa ikatokea pembeni, kifua hakikuinuka. Kisha akawaonyesha namna ya kuishika taya. Hakueleza zaidi, na wote walijua anachokieleza.

Sasa yeye ndiye anayesimamia zoezi katika vituo vya wilaya ile. Nimekwenda kumsikiliza mara mbili. Hana mhadhara. Anakaa nyuma na daftari, mwenzake anafanya, halafu wanakwenda pembeni wawili. Nilipomwona hivyo nilikumbuka mwembe wetu wa shule ya msingi.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Wale wa kidato cha tatu na cha nne wenye nia ya uuguzi au utabibu, mmoja wa wanasesere nimekuja naye, yumo ndani ya gari. Baada ya chakula nitakuwa katika maabara ya Baiolojia, mahali niliposhindwa na chura. Njoni wawili wawili. Mnaniletea ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, na mkuu wa jikoni nimekwisha kumwomba radhi kwa ajili ya kuni.