Biblia Gani Tutumie Katika Kikundi?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia na walimu wa jumuiya ndogo ndogo, Longonot)



Wazee wetu, akina mama na vijana, asanteni kwa kuacha kazi za shamba na kuja. Wenzetu wa AIC, PCEA na Akorino, karibuni sana. Kikundi cha kujisaidia ni cha kijiji, si cha kanisa moja.

Mmezoea kutuona tukija na maneno ya matangi ya maji, mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu. Leo tumekuja na maneno ya Biblia, kwa sababu mmetuuliza: kati ya hizi Biblia za Kiswahili, ni ipi ya kusomea na kufundishia? Wacha tuanze na vile swali lenyewe lilizaliwa.

Shosho na mabati

Katika kikundi kimoja cha huku chini ya mlima kuna shosho mmoja, mjane. Upepo wa huku mnaujua. Usiku mmoja uling'oa mabati ya nyumba yake. Kikundi kilipokutana, mzee aliyekuwa akiongoza sala alisoma Yakobo 1:27 katika Biblia ya zamani, ile ya Union. Hapo dini safi inaelezwa kuwa ni kwenda "kutazama" yatima na wajane. Basi wakaenda, wakamtazama. Waliimba, wakaomba, wakanywa chai yake, wakarudi nyumbani. Mabati yalibaki pale yalipoangukia.

Mkutano uliofuata, kijana mmoja akafungua Biblia Habari Njema. Akasema, "Mzee, mbona kwangu hapa ni kusaidia, si kutazama?" Mzee akakasirika, akasema hiyo ni Biblia iliyobadilishwa. Vijana nao wakajibu kwamba ya mzee imepitwa na wakati. Mikutano miwili ikaisha kwa mabishano, hata michango haikukusanywa. Wakati huo mvua inanyesha ndani kwa shosho. Hapo ndipo tulipoitwa.

Tuliwaambia hivi: mzee hakukosea, na kijana hakukosea. Yakobo aliandika kwa Kigiriki. Neno alilotumia ni kwenda kumwona mtu ili umshughulikie. Lina ukoo mmoja na lile neno la Kigiriki lililotupatia "askofu", yaani mwangalizi. Ndilo neno lililotumika katika Mathayo 25 kuhusu kumwendea mgonjwa, na katika Luka 1 kuhusu Mungu kuwajia watu wake. Je, Mungu alipowajia watu wake alitazama tu akaenda zake? Hata sisi mama akisema, "Niangalilie mtoto," hamaanishi umkodolee macho. Waliotafsiri "kutazama" walikuwa na maana hiyo. Waliotafsiri "kusaidia" walitaka maana hiyo isipotee kwa msomaji wa leo.

Biblia zetu zimetoka wapi

Hakuna tafsiri iliyoshuka kutoka mbinguni ikiwa imechapwa. Maandiko ni Neno la Mungu, lakini tafsiri ni kazi ya watu waliokaa chini wakatafuta maneno. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri kwa Kiswahili cha huko. Baadaye Askofu Steere wa Waanglikana alifanya kazi hiyo kule Unguja, kwa Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima katika Kiswahili hicho ilitoka mwaka 1891. Watu wa Mombasa na watu wa Unguja walikuwa na maneno tofauti hata wakati huo.

Ile Union, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ilitolewa ili makanisa ya Kiprotestanti yawe na Biblia moja katika Kiswahili sanifu. Agano Jipya lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Lugha yake ni nzuri na inakaa kichwani. Lakini mtoto aliyezaliwa Longonot, nyumbani akiongea Kikuyu au Kimaasai, maneno mengine yanampita.

Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa sana na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya Ufunuo, ya tarehe 18 Novemba 1965, ilisema waumini wote wapate Maandiko kwa urahisi, na ikakubali tafsiri zifanywe pamoja na ndugu wa makanisa mengine. Habari Njema ni tunda la kazi kama hiyo. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, na Biblia nzima katika miaka ya 1990. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba ni Biblia ya Wakatoliki peke yao au ya Waprotestanti peke yao.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Mbegu hatuchagui kwa rangi ya mfuko. Mahindi ya 614 yanafanya vizuri kule juu kwenye mvua nyingi, lakini hapa kwetu tunatafuta ya kukomaa haraka kama Katumani. Hakuna anayesema 614 si mahindi. Tunauliza tu: ni ya shamba gani? Na Biblia ni hivyo.

Kwanza, je, imekamilika? Hesabu vitabu. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, na ile ya Kiprotestanti ina 66. Vile saba ni Tobiti, Yuditi, Hekima ya Solomoni, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Viko pia vipande vya Esta na Danieli. Habari Njema ina matoleo ya aina zote mbili, kwa hivyo fungua uangalie kabla hujalipa. Ya kwenye simu pia, angalia. Hapa hatutafuti ubishi na wenzetu. Lakini kikundi kinachokopeshana pesa kikikosa Yoshua bin Sira sura ya 29, kimekosa mengi. Sura hiyo inaongea juu ya kumkopesha jirani, kurudisha kwa wakati, mkopaji anayechukua deni kama kitu cha kuokota, na hatari ya kumsimamia mtu dhamana. Utafikiri mwandishi alikaa kwenye mkutano wetu wa mwisho wa mwezi!

Pili, je, watu wanaelewa inaposomwa mara moja? Mpe kifungu mama ambaye hakusoma sana, asikilize, halafu aseme kwa maneno yake. Akirudia maneno ya kitabu tu, bado hajaelewa. Akieleza kwa mfano wa nyumbani kwake, hiyo tafsiri imefika.

Tatu, je, ina maelezo chini ya ukurasa? Chukua neno "talanta" katika Mathayo 25. Siku hizi tukisikia talanta tunafikiria kuimba na mpira. Wakati wa Yesu talanta ilikuwa kipimo cha fedha, kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku. Huo ni mshahara wa karibu miaka 20. Kumbe yule mtumishi hakufukia kipaji cha kuimba, alifukia mtaji! Lakini kumbukeni: maelezo, ramani na vichwa vya habari vimewekwa na wahariri. Vinasaidia, lakini si Maandiko.

Nne, je, imekubaliwa na Kanisa? Mwalimu wa jumuiya aangalie kurasa za mbele kama kuna kibali cha maaskofu. Akiwa na shaka, amwulize padre au katekista.

Lugha ya mama

Wengine wameuliza juu ya Biblia za Kikuyu na Kimaasai. Zitumieni. Mtu huomba kwa lugha aliyolilia akiwa mtoto. Lakini tuwe waangalifu pia. Katika Kikuyu, "mũirĩtu" zamani alikuwa msichana aliyepita tohara, na neno hilo lilitumika kwa Bikira Maria. Katika ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wako waliolichukua neno hilo kuwa ushahidi. Mnaona vile neno moja la mtafsiri linavyoweza kuingia mpaka kwenye miili ya watoto wetu. Ndiyo sababu hatujengi msimamo juu ya neno moja la tafsiri moja.

Na kikundi chenye lugha nyingi kisome Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa lugha ya Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwenye ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajifunze lugha kwanza. Waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia chakula.

Basi tufanyeje?

Kama pesa ni kidogo, msinunue Biblia kumi za aina moja. Nunueni Habari Njema moja yenye vitabu 73 iwe ya kikundi, na mzee aje na Union yake. Asome mmoja, wengine wasikilize, halafu asome wa pili. Mkiona maneno hayalingani, msikimbilie kugombana. Ulizeni: hapa tunaambiwa tufanye nini, na ni nani anatungojea?

Kile kikundi cha shosho kilifanya hivyo. Walisoma zote mbili, wakanyamaza kidogo. Jumamosi wakaenda kupigilia mabati, na mzee wa Union ndiye aliyeleta misumari. Alisema, "Sasa ndio tumemtazama."

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chetu tunasoma Biblia gani, na nani haelewi ikisomwa?
2. Someni Yakobo 1:27 katika Biblia mbili. Ni nani kijijini tumemtazama bila kumsaidia?
3. Someni Yoshua bin Sira sura ya 29. Je, sheria zetu za mikopo zinalingana nayo?