Operesheni Haiishii Hospitalini



Mwenzetu akienda operesheni tunachanga. Akirudi nyumbani, tunaona mambo yamekwisha. Bado!

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa hospitali 5 za Afrika, mojawapo ikiwa Kijabe, hapo njia ya Nairobi. Mwanzoni, katika kila operesheni 100, vidonda 8 viliingia viini. Wakakazania mgonjwa kuoga, kutonyolewa, madaktari kunawa sawasawa na dawa kutolewa kwa saa yake. Vikapungua, havikufika 4.

Basi na sisi, mgonjwa aoge, asijinyoe. Akirudi, tumtembelee. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au homa ikipanda, tusingoje. Tuweke pia nauli ya kumrudisha hospitali. Nauli ni nafuu kuliko matanga.