Lori la Kijeshi Linapogonga Gia: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kushusha Giaboksi



Mada niliyopewa ni giaboksi ya otomatiki inayoingiza gia kwa kishindo, hasa ile ya malori yaliyotumika jeshini. Nitaitaja hoja yangu mapema ili muipime nikiendelea: kwenye malori haya, giaboksi inayogonga mara nyingi ni nzima, ila inaletewa habari za uongo. Ukiishusha na kuifumua kabla hujazichunguza habari hizo, utairudisha ilivyokuwa, itagonga ilivyokuwa, na mwenye gari atakuwa ametoa pesa bure.

Wapo watakaouliza malori haya yanatuhusu nini sisi watu wa Lamu, ambao kisiwani mizigo yetu hubebwa na punda na mikokoteni. Lakini kaunti hii haiishi kisiwani peke yake. Vuka maji ufike Mokowe, ushike njia ya Hindi, Bargoni na Bodhei kuelekea Kiunga, utakuta ule udongo mweusi ambao masika hugeuka utelezi usiosemeka. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ianze mwaka 2015, lori la jeshi limekuwa jambo la kila siku njia ile. Bandari ya Lamu ilifungua gati la kwanza Mei 2021, na bandari popote duniani hutumia matrekta ya makontena ambayo mengi ni ya otomatiki. Magari ya zimamoto nayo ni hivyo hivyo. Wizara ya Ulinzi huuza kwa zabuni magari yaliyobodiwa, yaani yaliyoondolewa kazini. Fundi wa Lamu aliyezoea Fuso na Isuzu za gia za mkono atakutana na otomatiki nzito, apende asipende.

Nimechagua mifano miwili ya Kimarekani. Wa kwanza ni lori la tani 5 la familia ya M939, lililoanza kuundwa na AM General mwaka 1982, lenye giaboksi ya Allison MT654CR ya gia 5. Wa pili ni M1078, lililotokana na Steyr 12M18 la Austria na kuundwa Texas na Stewart & Stevenson kwa mkataba wa 1991; hili lina Allison MD3070PT ya gia 7 inayoongozwa na kompyuta. Sidai kwamba yamejaa Mokowe. Kanuni ya KS 1515 inazuia raia kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani wa kushoto una masharti yake. Nimeyachagua kwa sababu vitabu vyake vya ufundi viko wazi kwa umma, kama mfululizo wa TM 9-2320-272 kwa M939, na kwa sababu anayeielewa MT654CR hatapotea akikutana na ndugu zake kwenye magari mengine.

Giaboksi inajua nini

Giaboksi haioni kama iko kwenye lami ya Garsen au kwenye tope la Bodhei. Inajua mambo mawili tu: lori linakwenda kasi gani, na dereva anaomba nguvu kiasi gani. Kwenye MT654CR, la kwanza huletwa na gavana, kifaa kinachozungushwa na upande wa kutokea nguvu na kugeuza kasi kuwa presha ya oili. La pili huletwa na kebo nyembamba inayotoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli hadi kwenye kifaa kiitwacho modyuleta, ubavuni mwa giaboksi. Kwa habari hizo mbili, valvu zinaamua lini gia ibadilike na klachi za ndani zibanwe kwa presha kiasi gani.

Sasa fikirini kebo hiyo imekwama. Dereva ameinua mguu, lakini modyuleta bado inaamini kwamba pedeli imekanyagwa hadi sakafuni. Giaboksi itachelewa kubadili, na ikibadili itabana klachi kwa presha ya lori linalopanda mlima likiwa na mzigo kamili. Kishindo chake utakisikia mgongoni. Kinyume chake ni kibaya zaidi ingawa hakina kelele: giaboksi ikidhani dereva hataki nguvu na kumbe amekanyaga, itabadili mapema kwa presha ndogo, klachi zitateleza na kuungua. Kwa hiyo anayekaza au kulegeza kebo kwa kukisia ili kuondoa kishindo anaweza kuwa amenunua raha ya wiki mbili kwa bei ya giaboksi nzima. Kipimo kiko kitabuni, kifuatwe.

Na hapa kwetu kebo ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Upepo wa kusi unaleta chumvi miezi mingi, na lori linaloegeshwa karibu na gati la Mokowe hupakwa chumvi hiyo kila siku. Weka vigingi kwenye magurudumu, zima injini, ingia chini, ushike ncha ya kebo mahali inapoingia kwenye modyuleta. Mwambie mwenzako akanyage akseleta polepole mpaka mwisho, kisha aachie polepole vilevile. Ncha inatakiwa isogee papo hapo pedeli inaposogea, bila kusita, na irudi yenyewe mpaka mwisho. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye kiungo, au ncha inarudi kwa kuruka badala ya kuteleza, usiendelee kutafuta kwingine. Kebo iliyoliwa na kutu ndani ya ala yake haiponi kwa kumiminiwa oili. Ibadilishe.

Oili, na maji yanayoingia ndani yake

Ningependa kila fundi aachane na tabia ya kupima oili ya otomatiki ikiwa baridi na kuridhika. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa oili ikiwa na joto la kazi, nyuzi 71 hadi 93 za Selsiasi, lori likiwa mahali tambarare, injini ikizunguka taratibu na gia ikiwa nyutro. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, sehemu zinazozunguka huichapa ikatoa povu, na povu halishiki presha. Yote mawili huleta gia zisizotabirika, mara laini mara kishindo. MT654CR hutumia oili ya kiwango cha Allison C-4. Mabaki ya kila dumu yasimiminwe humo ati yote ni oili.

Tone moja kwenye karatasi nyeupe linatosha kukueleza mengi. Likinuka kuungua na kuacha chembe nyeusi, klachi zimeanza kwenda. Likiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na maji huibandua gamba la klachi kutoka kwenye chuma chake. Yanaingia wapi? Wengi hukimbilia kulaumu kipoza oili, na kweli hupasuka. Lakini lori letu hushuka ufukweni kupakia mchanga, huvuka madimbwi ya masika hadi kwenye ekseli. Giaboksi yenye moto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa, na kama bomba lake la kupumulia limelegea au limekatika, hunyonya maji. Bomba hilo ni la thamani ndogo sana na ndilo linalosahauliwa zaidi. Likaguliwe kabla ya masika, na mdomo wake uwe juu kabisa.

Gia zote, au gia moja?

Swali hili mwulize dereva kabla hujagusa spana, na umsikilize. Kama lori linagonga kwenye gia zote, tafuta kitu kinachohusu gia zote: kebo, presha kuu, oili. Kama linagonga tu likitolewa nyutro kuingizwa gia, tazama kwanza mizunguko ya injini lori likiwa limesimama. Fundi aliyeipandisha ili injini isizimike ndiye aliyeleta kishindo. Kama ni gia moja tu, tuseme kutoka ya pili kwenda ya tatu, shuku trima, yaani ile valvu inayoiachia presha ipande kidogo kidogo klachi inapobana. Uchafu ukiikwamisha, presha yote huja kwa mkupuo. Hata hiyo hufikiwa kwa kufungua sampu na kushusha bloku ya valvu, giaboksi ikiwa mahali pake. Kazi hiyo ifanyike ndani, juu ya kitambaa safi, kwa maana chembe moja ya mchanga inatosha kurudisha ugonjwa uleule.

Kuna pia vishindo visivyo vya giaboksi. Kross zilizolika, mipira ya injini iliyokatika, bushi za vyuma vinavyoshika ekseli za nyuma: vyote vina nafasi tupu, na gia inapobadilika nafasi hiyo huzibwa kwa mpigo. Shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Uchezaji utakaouhisi, uondoe kwanza.

Ili kupima presha kuu niliyoitaja, ninaloomba kaunti itusaidie ni geji ya presha yenye bomba refu, ya pamoja, ya kuazimana. Bila geji tunabishana kwa masikio.

Ya kompyuta

Kwa MD3070PT kebo haipo. Kuna kihisi cha pedeli kinachotuma umeme. Uongo wake ni uleule, njia ndiyo tofauti. Bonyeza mishale miwili ya kichagua gia kwa pamoja: pale penye kihisi cha oili utaonyeshwa kwanza kiwango chake, na ukibonyeza tena, namba za hitilafu. Namba 21 ni habari ya pedeli, 13 ni umeme unaoifikia kompyuta. Hapa Lamu namba hizo zikupeleke kwanza kwenye plagi zilizoota kutu na waya za ardhini zilizolegea kwenye chesisi, kabla hujafikiria kununua kompyuta. Na mafundi wa kuchomelea bodi, tafadhali sana: tenganisheni betri na plagi za kompyuta kabla ya kuwasha mashine. Umeme wa kuchomelea hupita usipotakiwa.

Kompyuta hii hujifunza. Kila ikibadili gia hupima ilivyobadili na kurekebisha kidogo kwa safari ijayo. Ukibadilisha kihisi au valvu, mafunzo ya zamani hayafai tena, na yanapaswa kufutwa kwa kifaa chake. Baada ya hapo dereva aambiwe wazi kwamba gia chache za mwanzo zitagonga, asilirudishe lori gereji jioni ileile. Aende Hindi na kurudi, tupu kwanza kisha na mzigo, akikanyaga kwa wepesi, kwa wastani, kisha kwa nguvu, ili kila gia ipate kufunzwa katika kila hali. Akirudi na kusema bado ni gia ileile moja, oili ni safi, geji imesoma sawa na plagi zimesafishwa, basi winchi iitwe, giaboksi ishushwe.